Mbwa Anapata Nini? Historia ya Matembezi ya Sleji na Wanyama katika Safari za Meli za Alaska

Mwezi wa pili mwaka huu mama mdogo, anayeishi Seattle pamoja na mumewe na watoto wao wawili, alinitumia picha za orodha aliyopewa na wakala wa safari. Wamekusudia kwenda Alaska kwa meli ya kitalii, siku saba, kupitia Juneau na Skagway na kurudi. Nauli ya meli wameshaiwekea akiba. Kilichomsumbua ni matembezi ya bandarini, yale ambayo abiria huyalipia mbali na nauli kila meli inapotia nanga: mashua ya kutazama nyangumi, basi la kwenda kwenye dubu, helikopta ya kupanda juu ya barafu ili kukokotwa na mbwa, na mbwa wengine wanaokokota kigari cha magurudumu msituni. Mtoto wa kwanza ana miaka tisa, wa pili ana minne, na bibi yetu wa Masaka ataungana nao akipata viza. Fedha zao zinatosha matembezi mawili, au matatu yakiwa ya bei ndogo. "Wewe mwanangu ndiye unayesoma historia," aliandika. "Tuambie lipi ni la kweli na lipi ni maigizo." Nilipomsimulia bibi kwa simu, yeye aliuliza swali moja tu: "Na huyo mbwa, anapata nini?"

Nilianza kutafuta jibu la mama mdogo, nikaishia kwenye swali la bibi. Katika insha hii nitaeleza kwamba karibu kila kitu kilichomo katika orodha ile kilizaliwa baada ya kazi fulani kufa. Mbwa wa sleji alianza kuonyeshwa kwa watalii alipokwisha kunyang'anywa mizigo yake. Nyangumi, tai na fisi-maji walianza kutazamwa baada ya watu kukoma kuwaua. Kwa hiyo kuuliza lipi ni la kweli hakumsaidii sana mzazi mwenye kuchagua. Swali lenye kumsaidia ni lile la mnyama mwenyewe na maisha yake meli inapokuwa imeondoka.

Tuanze na meli, kwa sababu ndiyo inayopanga saa za kila kitu kingine. Urusi iliiuzia Marekani eneo la Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Miaka kumi na miwili baadaye John Muir, mwanamazingira aliyezaliwa Uskoti, alipelekwa kwa mtumbwi na Watlingit, wenyeji wa pwani ile, hadi katika ghuba iliyojaa barafuto, ambayo leo inaitwa Glacier Bay. Maandishi yake yaliwasha hamu ya wasomaji wa mijini. Mwaka 1883 nahodha James Carroll aliiingiza meli ya mvuke, Idaho, katika ghuba hiyo ikiwa na abiria waliokuja kutazama tu. Miongoni mwao alikuwamo mwandishi Eliza Scidmore, ambaye mwaka 1885 alitoa kitabu kuhusu pwani hiyo kilichotumiwa na wasafiri wengi waliomfuata. Utalii wa meli wa Alaska una umri mkubwa kuliko reli yetu ya Uganda.

Mwaka 1886 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kulinda meli za nchi hiyo. Sheria hiyo inakataza meli ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine, na meli kubwa za kitalii za leo karibu zote zimesajiliwa katika nchi nyingine. Ndiyo maana meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle hulazimika kugusa bandari ya kigeni njiani, kwa kawaida Victoria, Kanada, mara nyingi jioni na kwa saa chache tu. Watu wengi huichukulia Victoria kama zawadi ya ziada, lakini meli hupita pale kwa sababu ya sheria ya karne ya 19. Katika familia yetu sheria hiyo imekuwa jambo la kwanza kujadiliwa, kabla ya mbwa wala nyangumi, kwa kuwa bibi ana pasipoti ya Uganda na atahitaji viza ya Kanada pamoja na ile ya Marekani. Mwaka 2021, Kanada ilipofunga bandari zake kwa sababu ya UVIKO-19, safari za Alaska zingekufa msimu mzima kama Bunge la Marekani lisingetoa msamaha wa muda kwa sheria hiyo. Mji kama Skagway, ambao wakazi wake hawafiki elfu mbili, huishi kwa meli hizo.

Sasa nije kwa mbwa. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mbwa wa sleji hana ukale wowote Juneau. Pwani ile ni nchi ya mvua na misitu mikubwa, na Watlingit na Wahaida walisafiri kwa mitumbwi. Mbwa wa kukokota ni wa kaskazini zaidi na wa bara: wa Wainupiati na Wayupiki kwenye pwani iliyoganda, na wa Waathabaska kando ya mito ya ndani. Kwao sleji ilikuwa gari la mizigo, la kuni, la nyama na la wagonjwa. Mtalii anayevishwa buti juu ya barafuto karibu na Juneau mwezi wa saba anaonyeshwa jambo la Alaska kweli, lakini limehamishwa mahali. Mbwa wenyewe hupandishwa kule kwa helikopta mwanzoni mwa msimu, hukaa katika kambi ya mahema pamoja na wanaowatunza, na huteremshwa majira ya joto yanapokwisha.

Mbwa mashuhuri wa Juneau hakuwa hata wa jamii ya haski. Alikuwa jike mweupe wa aina ya bull terrier, Patsy Ann, aliyezaliwa Oregon mwaka 1929 na kuletwa mjini akiwa mdogo. Alikuwa kiziwi, lakini kwa namna isiyoelezeka alitambua meli inapokaribia, akakimbilia gatini kabla watu hawajaiona. Mwaka 1934 meya alimtangaza kuwa mpokeaji rasmi wa wageni wa Juneau. Alikufa mwaka 1942, na sanamu yake imekaa gatini tangu 1992. Mimi humhesabu yeye kuwa mbwa wa kwanza wa mji ule kufanya kazi na meli za abiria, na mshahara wake ulikuwa vipande vya chakula kutoka kwa wasafiri na wenye maduka. Mama mdogo amepewa habari hii bure: sanamu haina kiingilio, na mtoto wa miaka minne ataipenda.

Mbwa waliingia kwa wingi katika habari za dunia kwa njia ya dhahabu. Dhahabu ya Klondike iligunduliwa mwaka 1896 upande wa Kanada, na mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya watu walimiminika kupitia Skagway na Dyea. Polisi wa Kanada walimtaka kila mmoja awe na shehena ya kutosha mwaka mzima, karibu tani moja, nayo ilibidi ivushwe milimani. Katika njia ya White Pass farasi wapatao 3,000 walikufa kwa njaa, mizigo na kuvunjika miguu, hata njia ikapewa jina la farasi waliokufa. Mbwa waliokuwa na ukubwa wa kutosha waliibwa na kununuliwa katika miji ya kusini, wakapelekwa kufa na kufanya kazi pamoja na farasi. Kati ya 1898 na 1900 ikajengwa reli iliyomaliza haja ya njia ile. Reli hiyo nayo ilikosa kazi ikafungwa mwaka 1982, na ilipofunguliwa tena mwaka 1988 ilikuwa kwa ajili ya abiria wa meli za kitalii. Leo imo katika orodha ya mama mdogo, ukurasa wa mbele kuliko mbwa. Chombo cha chuma kilipita njia ileile aliyopita mnyama, kutoka mzigo hadi maonyesho.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Nome, Januari 1925. Ugonjwa wa dondakoo ulizuka katika mji huo wa pwani ya magharibi, watoto wakaanza kufa, na daktari pekee, Curtis Welch, hakuwa na dawa ya kutosha. Bahari ilikuwa imeganda, na ndege zilizokuwapo hazikuaminika kwa baridi ile. Dawa ilipelekwa kwa treni hadi Nenana, kisha kwa mbwa kilomita 1,085 kwa kupokezana. Waendesha sleji 20 na mbwa wapatao 150 waliifikisha kwa siku tano na nusu. Wengi wa waendeshaji hao walikuwa wenyeji, waliozoea kubeba barua kwenye njia hiyo, lakini magazeti ya wakati ule hayakuwatafuta. Sehemu ndefu na ya hatari zaidi ilikimbiwa na Leonhard Seppala, aliyezaliwa Norway, na mbwa wake kiongozi Togo. Sifa ilimwendea zaidi Balto, kiongozi wa kundi la Gunnar Kaasen, kwa kuwa ndilo lililoingia Nome. Desemba ya mwaka huohuo Balto alijengewa sanamu katika bustani ya Central Park, New York.

Watoto huambiwa kisa hiki hadi hapo. Kilichofuata ndicho kinachohusu insha hii. Balto na wenzake walizungushwa mijini kuonyeshwa, wakauzwa, na kufikia mwaka 1927 mbwa saba waliobaki walikuwa katika chumba cha maonyesho ya mambo ya ajabu huko Los Angeles, wagonjwa na wenye njaa, watu wakitoa senti kuwatazama. Mfanyabiashara wa Cleveland, George Kimble, aliwakuta, akaona haya, na watu wa mji wake, pamoja na watoto wa shule, wakachanga dola zipatazo 2,000 kwa siku kumi kuwakomboa. Waliishia katika bustani ya wanyama ya Cleveland, wakitunzwa vizuri, na Balto alikufa mwaka 1933. Kwa hiyo sehemu ya mapema kabisa ya historia ya mbwa wa sleji kama burudani ya familia inajumuisha chumba kile cha Los Angeles. Nimemweleza mama mdogo kwamba woga wake si wa kijinga. Mbwa asiye na kazi anaweza kuwa mali ya yeyote mwenye senti za kumnunua.

Miaka iliyofuata mbwa waliendelea kupoteza kazi polepole. Ndege zilichukua barua. Njia ya mwisho ya barua kwa mbwa, katika kisiwa cha St. Lawrence, ilikoma mwaka 1963 mwenyeji Chester Noongwook alipomaliza zamu yake. Miaka hiyohiyo zikaja pikipiki za theluji. Pikipiki haili samaki wakati wa kiangazi, wala haibweki usiku. Katika vijiji vingi makundi ya mbwa yalitoweka ndani ya miaka michache, na jambo hili halikuwa la ajabu wala la kulaumiwa: aliyetakiwa kuvua samaki mchana kutwa ili kulisha mbwa kumi alipumzika. Watu wanaosikitikia sleji ya zamani mara nyingi ni wale ambao hawakuwahi kuwavulia mbwa samaki.

Joe Redington, aliyehamia Alaska mwaka 1948, aliona mbwa wanavyotoweka, akaamua kuwatafutia kazi nyingine. Mwaka 1967 yeye na Dorothy Page waliandaa mashindano mafupi, na mwaka 1973 yakaanza mashindano ya Iditarod kutoka Anchorage hadi Nome, kilomita 1,600 hivi. Mshindi wa kwanza, Dick Wilmarth, alitumia siku 20. Mwaka 1985 Libby Riddles akawa mwanamke wa kwanza kushinda, na Susan Butcher akashinda mara nne kati ya 1986 na 1990. Mashindano haya yana lawama zake. Mbwa wamekufa njiani katika miaka kadhaa, na watetezi wa haki za wanyama wamefanikiwa kuyaondolea wadhamini wakubwa. Msomaji hana haja ya kuyapenda ili aone yalichofanya: yalimpa mtu sababu ya kufuga mbwa arobaini katika zama za pikipiki.

Lakini mbwa arobaini hula mwaka mzima, na mashindano ni ya majira ya baridi. Hapa ndipo meli zilipokutana na mbwa. Mfugaji anayekimbia Iditarod mwezi wa tatu anahitaji fedha mwezi wa saba, na mwezi wa saba ndipo bandari zinapojaa watu wanaotaka kuona sleji. Tena, mbwa wa mbio hawapaswi kulala miezi mitano. Wafugaji wamezoea tangu zamani kuwafanyisha mazoezi bila theluji kwa kuwafunga kwenye kigari cha magurudumu au kwenye pikipiki ya magurudumu manne iliyozimwa injini. Wazo la kuwapandisha watalii kwenye kigari hicho ni mbinu ya kulipwa kwa mazoezi ambayo yangefanyika hata hivyo.

Kwa sababu hiyo ninapingana na maoni ya kawaida kwamba sleji ya kwenye barafuto ndiyo "halisi" na kigari cha magurudumu ni maigizo. Kwa jicho la kamera ni kweli: nyeupe huku, matope kule. Kwa historia ni karibu kinyume chake. Kigari ni kifaa cha mazoezi cha mfugaji mwenyewe, karibu na banda lake. Kambi ya barafuto ndiyo iliyojengwa kwa ajili ya mgeni, na kila kitu kilichomo, kuanzia chakula cha mbwa hadi kinyesi chao, huja na kuondoka kwa helikopta. Siwezi kusema kambi hiyo ni mbaya kwa mbwa. Huenda ni bora, kwa kuwa adui mkubwa wa mbwa mwenye manyoya mazito ni joto, na juu ya barafu hakuna joto. Msituni, siku ya jua, mwendeshaji mwenye adabu hufupisha mzunguko au huuacha kabisa. Kwa mzazi, hiyo ni dalili ya kuangalia: mwenye kukurudishia fedha kwa sababu ya jua anafaa kuaminiwa kuliko asiyejali.

Kuna tofauti nyingine ambazo si za kihistoria lakini familia haiwezi kuziruka. Helikopta hugharimu mamia ya dola kwa kila mtu, mtoto akiwamo, na abiria hupimwa uzito. Juneau ni mji wa mawingu na safari nyingi huahirishwa. Mtoto aliyeahidiwa mbwa tangu Desemba atalia gatini. Bibi hawezi kupanda helikopta, na amesema hataki hata kushawishiwa. Kigari kinafikiwa kwa basi, na karibu kila banda humalizia kwa kuwapa watoto watoto wa mbwa kuwabeba. Hapo tena nina neno. Watoto wa mbwa wa mbio hunufaika kweli kwa kuzoeshwa mikono ya watu, lakini banda lenye watoto wa mbwa wa umri uleule kila wiki ya msimu linanifanya niulize wanakwenda wapi wakikua.

Mfano mzuri kuliko yote uko mbali na meli, katika hifadhi ya taifa ya Denali. Msimamizi wa kwanza wa hifadhi, Harry Karstens, alinunua mbwa saba mwaka 1922 ili askari wake waweze kuwafuatilia majangili wakati wa baridi. Maonyesho kwa wageni yalianza mwaka 1939. Mbwa wa hapo bado wana doria kila majira ya baridi, kwa kuwa injini hazitakiwi katika sehemu kubwa ya hifadhi, na kiangazi huonyeshwa bila malipo ya ziada. Wamebaki na kazi zote mbili. Safari ya mama mdogo haifiki huko, kwa hiyo nilimtajia tu.

Kuhusu wanyama wa porini nitasema kwa ufupi zaidi, kwa kuwa historia yao ina mstari ulionyooka. Warusi walifuata fisi-maji wa baharini kwa ajili ya ngozi baada ya safari ya Bering ya 1741, na kufikia mkataba wa kimataifa wa 1911 wanyama hao walikuwa karibu kwisha. Tai mwenye kichwa cheupe, ambaye sura yake imo katika nembo ya Marekani, aliwekewa zawadi Alaska kuanzia 1917 kwa madai kwamba anamaliza samoni. Mtu alileta miguu ya tai akalipwa, na zaidi ya tai 100,000 waliuawa kabla ya mpango huo kufutwa miaka ya 1950. Mwaka 1982 bonde la Chilkat, karibu na Haines, likafanywa hifadhi ya ndege huyohuyo. Katika kisiwa cha Admiralty, jirani na Juneau, kituo cha kuchinja nyangumi kilianza kazi mwaka 1907. Mashua zinazowapeleka watoto leo kutazama nyangumi wenye nundu hupita katika maji ya kisiwa kilekile.

Nyangumi hao huzaa Hawaii wakati wa baridi na kuja Alaska kula kiangazi. Uwindaji wao katika Pasifiki ya kaskazini ulipigwa marufuku mwaka 1966, na sheria ya Marekani ya 1972 ikawalinda wanyama wote wa baharini wanaonyonyesha. Tangu 2001 chombo hakiruhusiwi kumkaribia nyangumi mwenye nundu wa Alaska chini ya yadi 100, yaani mita 91 hivi. Nilimwambia mama mdogo asitafute mashua inayojisifu kukaribia. Aulize kama imo katika WhaleSENSE, mpango wa hiari wa waendeshaji waliokubali masharti zaidi ya sheria. Kwa bibi na mtoto mdogo nahodha mwenye staha hatoshi. Kunahitajika pia chumba cha ndani chenye madirisha, choo, na maji matulivu, na maji ya Juneau yamezibwa na visiwa kiasi kwamba wengi hawatapiki.

Msomaji wa Uganda atakumbuka Bwindi. Kule, tangu utalii wa sokwe ulipoanza mwaka 1993, watu hupewa saa moja katika kundi dogo, na mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi, kwa sababu magonjwa ya utotoni yanaweza kumwua sokwe. Sheria inaanza na mnyama, kisha familia inajipanga. Katika orodha ya mama mdogo masharti mengi ya umri yanaanza na kiti cha helikopta au jaketi la kuokolea. Sijasema Alaska hawajali. Yadi 100 ni sheria ya mnyama. Nimeona tu kwamba neno "inafaa familia" katika orodha zile humaanisha mtoto atafurahi na hataumia, na halimgusi mnyama hata kidogo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Juneau wamekuwa wakibishana kama wanapona. Mji una watu wapatao 32,000 na hauna barabara ya kuuunganisha na mwingine, lakini mwaka 2023 ulipokea abiria wa meli wapatao milioni 1.6. Tangu 2024 meli kubwa zimewekewa kikomo cha tano kwa siku, na Oktoba ya mwaka huo wapigakura walikataa pendekezo la kuwa na Jumamosi zisizo na meli kubwa. Kelele za helikopta zimelalamikiwa miaka mingi. Watlingit wa Huna, waliokuwa wametengwa na Glacier Bay ilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1925, walifungua nyumba yao ya ukoo katika ghuba hiyo mwaka 2016. Hadi hapo wageni walikuwa wametazama barafu kwa zaidi ya karne, na wenye nchi hawakuwa na paa pale.

Mama mdogo amechagua. Mashua ya nyangumi wameilipia. Dubu watawatafuta kwa basi tu kwenye kijito cha Steep Creek, karibu na barafuto ya Mendenhall, ambako kuna njia ya mbao iliyoinuliwa na dubu weusi huja samoni wanapopanda kijito; wasipomwona dubu watakuwa wameona barafuto, na fedha haikuwa nyingi. Kwa mbwa, mtoto wa miaka tisa hakukubali kukosa, kwa hiyo watapanda kigari cha magurudumu. Kabla ya kulipa nilimtungia maswali matatu ya kumwandikia mwenye banda: mbwa wanafanya nini wakati wa baridi, mbwa mzee anapelekwa wapi, na siku ya joto mnafanya nini. Alijibiwa mawili. Wakati wa baridi wanakimbia mbio, na siku ya joto mzunguko hufupishwa au hufutwa. La mbwa mzee halikujibiwa, akaliuliza tena. Safari hii mfugaji mwenyewe aliandika, akataja mbwa watatu kwa majina, umri wao, na nyumba walizokwenda kuishi. Mmoja bado analala jikoni kwake.

Nilimsomea bibi jibu hilo kwa simu. Akauliza kama jikoni kule kuna moto, kisha akataka kujua viza ya Kanada huchukua wiki ngapi.